Sura ya Tatu: Mchoro wa Kazi na Kanuni Zake

Mchoro wa kazi wa kihandisi ni waraka ambao mtu aliyebuni kifaa humkabidhi mtu atakayekitengeneza, mara nyingi bila wawili hao kuonana, na kwa sababu hiyo kila kilichomo ndani yake hakina budi kueleweka kwa namna moja tu. Picha ya kawaida ya mashine, hata ikichorwa na msanii hodari, humwonyesha mtazamaji jinsi mashine inavyoonekana kutoka mahali aliposimama, ambapo vitu vya mbali huwa vidogo, duara hugeuka umbo la yai, na pembe mraba hupotea. Mchoro wa kazi huacha mwonekano huo wa macho na kushika umbo lenyewe, ili fundi aweze kukata chuma, kukitoboa na kukipima akiwa na uhakika kwamba kitakachotoka mikononi mwake ndicho kilichokusudiwa. Mistari yake, tarakimu zake, alama zake na hata visanduku vya maandishi vilivyo pembeni vina kanuni zake, na karibu kila kanuni iliwekwa ili kuziba mwanya ambao msomaji angeweza kuupitia akafika kwenye maana nyingine.

Msingi wa kinadharia wa michoro hii uliwekwa na mwanahisabati Mfaransa Gaspard Monge, aliyezaliwa mwaka 1746 katika mji wa Beaune. Akiwa kijana katika chuo cha wahandisi wa jeshi huko Mézières, Monge alipewa kazi ya kupanga kuta za ngome kwa namna ambayo waliomo ndani wasingefikiwa na mizinga ya adui, kazi iliyozoeleka kufanywa kwa hesabu ndefu na za kuchosha. Yeye aliimaliza kwa kuchora, tena kwa haraka kiasi kwamba mkubwa wake hapo mwanzo alikataa hata kuikagua, akiamini kuwa hakuna ambaye angeweza kupata jibu sahihi kwa muda mfupi namna hiyo. Njia aliyoitumia ilikuwa kuhamishia nukta za umbo lenye urefu, upana na kina kwenye mabapa mawili yanayokutana kwa pembe mraba, moja limesimama na jingine limelala, kisha kulikunjua bapa lililolala mpaka likalingana na lile lililosimama, hivi kwamba karatasi moja ikabeba sura mbili za kitu kimoja, na kutokana na sura hizo urefu, pembe au makutano yoyote yaliweza kupatikana kwa rula na bikari. Jeshi lilitambua mara moja thamani ya ugunduzi huo na likaufanya siri kwa miaka mingi. Ni baada ya Mapinduzi ya Ufaransa tu, mwaka 1795, ndipo Monge alipoufundisha hadharani mjini Paris, na kitabu chake juu ya somo hilo kikatoka mwaka 1799.

Monge alitosheka na mionekano miwili, lakini michoro ya leo kwa kawaida huwa na mitatu: wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Mchoraji huchagua kuwa wa mbele ule unaoeleza umbo la kifaa kuliko mingine, kisha huongeza ile tu inayohitajika ili pasibaki jambo lisiloelezwa. Shafti ya mviringo, kwa mfano, huhitaji mwonekano mmoja tu, kwa kuwa alama ya kipenyo, yaani duara dogo lililokatwa na mstari wa mshazari, humwarifu msomaji kwamba umbo hilo ni la mviringo bila kulazimika kuchora mwonekano wa mwisho wake. Mionekano ikishakuwa zaidi ya mmoja hutokea swali la mahali pa kuiweka, na hapo ndipo dunia ya wahandisi ilipogawanyika. Mabapa mawili ya Monge yakikatana hugawa nafasi katika pembe nne. Kifaa kikidhaniwa kuwa katika pembe ya kwanza, huwa kimekaa kati ya mtazamaji na bapa, na mabapa yakikunjuliwa mwonekano wa juu huangukia chini ya ule wa mbele, na mwonekano wa ubavu wa kushoto huangukia kulia. Kikidhaniwa kuwa katika pembe ya tatu, bapa ndilo huwa kati ya mtazamaji na kifaa, mfano wa kioo cha dirisha, na mwonekano wa juu hukaa juu, wa kushoto hukaa kushoto. Ujerumani, Ufaransa, India na China hufuata pembe ya kwanza. Marekani, Kanada na Japani hufuata ya tatu.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana kwa mwanafunzi anayelikariri kwa ajili ya mtihani. Kifaa chenye pande zinazofanana hakidhuriki sana likikosewa, lakini kishikio chenye matundu upande mmoja, kikisomwa kwa utaratibu usio wake, hutoka kimegeuzwa kama umbo kwenye kioo: kila kipimo ni sahihi, kila tundu lina kipenyo chake, na bado hakiwezi kufungwa mahali pake, kwa sababu kimekuwa cha mkono wa kulia ilhali kilitakiwa kuwa cha kushoto. Karakana za Afrika Mashariki zimo katika hatari hiyo kuliko karakana za nchi zilizojitengenezea mashine zao, kwani chini ya paa moja huweza kukutwa pampu ya Japani, kerezo la India, mtambo wa China na jenereta la Marekani, kila moja na kitabu chake chenye michoro iliyopangwa kwa utaratibu wa kwao. Kinga iliyowekwa ni alama ndogo inayochorwa karibu na pembe ya chini ya karatasi: koni iliyokatwa ncha, iliyolala huku mwisho wake mwembamba ukielekea kushoto, pamoja na duara mbili zenye kitovu kimoja. Duara zikiwa kulia kwa koni, mchoro ni wa pembe ya kwanza. Zikiwa kushoto, ni wa pembe ya tatu. Fundi anayeanza kusoma mchoro kabla ya kuitafuta alama hiyo anabahatisha, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Kuhusu mistari, kanuni kuu ni kwamba unene na mkatiko wa mstari hubeba maana. Mstari mzito usiokatika huonyesha kingo zinazoonekana kwa macho. Mstari mwembamba wa vistari huonyesha kingo zilizofichwa nyuma ya chuma. Mstari mwembamba wa kistari kirefu na nukta huonyesha mhimili wa kitu cha mviringo au mahali ambapo nusu mbili za umbo zinalingana. Na mstari mwembamba usiokatika hutumika kwa mambo ambayo hayamo katika kifaa chenyewe, kama vile mistari ya vipimo na ile inayoelekeza maandishi. Mistari miwili ikiangukia mahali pamoja, ukingo unaoonekana hushinda uliofichwa, na uliofichwa hushinda mhimili. Mstari mzito huwa na unene mara mbili ya ule mwembamba, kwa kawaida milimita 0.7 kwa 0.35, au 0.5 kwa 0.25.

Tarakimu hizo haziko hivyo kwa bahati, na anayeziunganisha na vipimo vya karatasi huona ustadi mkubwa wa waliozipanga. Karatasi za mfululizo wa A, uliowekwa kuwa kiwango cha Ujerumani mwaka 1922 na baadaye kukubaliwa karibu dunia nzima isipokuwa Amerika ya Kaskazini, huanza na A0 yenye eneo la mita moja ya mraba, milimita 841 kwa 1189, na kila saizi inayofuata hupatikana kwa kukunja iliyotangulia katikati bila uwiano wa pande zake kubadilika. Uwiano huo ni kipeuo cha pili cha mbili, takriban 1.414. Mchoro wa A3 ukipunguzwa kwa mashine ya kurudufia uingie kwenye A4, kila urefu hubaki asilimia 71 ya ulivyokuwa: mstari wa 0.7 huwa 0.5, wa 0.35 huwa 0.25, na herufi zenye kimo cha milimita 5 huwa za 3.5, ambazo zote ni saizi halali katika mfululizo uleule. Mchoro uliopunguzwa kwa hiyo hubaki mchoro unaofuata kanuni, na katika zama za kalamu za wino mchoraji aliweza kuongeza mstari kwenye nakala hiyo kwa kalamu ya saizi ya kawaida bila tofauti kuonekana.

Hapohapo ndipo inapoonekana sababu ya sheria ambayo walimu wa uchoraji huirudia tangu somo la kwanza, kwamba hairuhusiwi kupata kipimo kwa kuweka rula juu ya mchoro. Nakala iliyopunguzwa kutoka A3 hadi A4 bado ina maandishi ya skeli 1:1, lakini urefu ulioandikwa 100 utapimwa kuwa takriban 71, na karatasi yenyewe hutanuka ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka. Tarakimu iliyoandikwa ndiyo yenye mamlaka. Ikiwa kipimo hakipo, fundi hana ruhusa ya kukikisia. Wajibu wake ni kuurudisha mchoro kwa aliyeuchora, na mhandisi anayekasirishwa na swali la namna hiyo hafai kukabidhiwa kazi ya kuchora.

Kifaa chenye uwazi ndani yake, kama nyumba ya gia au vali, hujaza mchoro mistari ya vistari mpaka macho yakachoka, na dawa yake ni mkato: kifaa hudhaniwa kuwa kimekatwa kwa msumeno, nusu ya mbele ikaondolewa, na sehemu ambazo msumeno umepita zikajazwa mistari myembamba ya mshazari ya nyuzi 45. Vipande viwili vinavyogusana huelekezewa mistari hiyo pande tofauti ili mpaka wao uonekane. Vipo visivyokatwa hata msumeno huo wa kudhania ukivipitia kwa urefu, navyo ni shafti, bolti, nati, pini, riveti na mbavu za kuimarisha, kwa kuwa ndani yake hamna la kuonyesha, na ubavu mwembamba ukijazwa mistari ya mshazari ungemdanganya msomaji aone kipande kinene cha chuma kigumu.

Vipimo ndivyo kiini cha mchoro wa kazi, na njia bora ya kuvielewa ni kufuata kifaa kimoja tangu mwanzo. Ichukuliwe shafti ya mashine ya kusaga nafaka, yenye kipenyo cha milimita 30 katikati na milimita 25 kwenye ncha zote mbili, ambapo kila ncha huingia ndani ya beringi ya namba 6205. Beringi ya namba hiyo, iwe imetengenezwa nchi gani, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha 52 na upana wa 15, kwa hiyo mchoraji hana haja ya kuichora kwa undani; namba yake katika orodha ya sehemu inatosha. Vipimo vyote kwenye mchoro huandikwa kwa milimita bila kutaja neno milimita, kwani jambo hilo husemwa mara moja tu kwenye jedwali la pembeni, na kila kipimo huandikwa mara moja tu. Kukiandika mara mbili huonekana kama hisani kwa msomaji, lakini siku mchoro utakapofanyiwa marekebisho, mahali pamoja kitabadilishwa na mahali pengine kitasahaulika, na fundi atabaki na vipimo viwili vinavyopingana.

Umbali kati ya mabega mawili ambayo beringi huegemea, tuseme milimita 180, ndio unaoamua kama shafti itakaa sawasawa ndani ya fremu ya mashine, kwa hiyo ni lazima uandikwe wenyewe moja kwa moja. Mchoraji asiye makini angeweza kuugawa katika vipande vitatu vya milimita 60 vilivyofuatana mnyororo, na hesabu ingeonekana sawa. Lakini hakuna chuma kinachokatwa kwa kipimo kamili kisichozidi wala kupungua, na kila kipimo hubeba kiasi fulani cha kosa linaloruhusiwa, ambacho wahandisi hukiita toleransi. Katika kiwango cha kawaida cha ISO 2768, daraja la kati, urefu wa milimita 60 huruhusiwa kukosea kwa 0.3 juu au chini, na urefu wa 180 kwa 0.5. Vipande vitatu vya 60, kila kimoja kikiwa ndani ya ruhusa yake, vyaweza kuleta jumla yenye kosa la 0.9, karibu mara mbili ya lile ambalo kipimo cha moja kwa moja kingeruhusu, na katika kosa hilo hakuna fundi hata mmoja wa kulaumiwa.

Penye beringi ruhusa huwa finyu zaidi. Kwenye ncha za shafti, baada ya tarakimu 25, huandikwa k6, herufi na namba zinazotoka katika utaratibu wa ISO 286: herufi hueleza mahali ambapo ukanda wa ruhusa unaanzia ukilinganishwa na kipimo kamili, na namba hueleza upana wa ukanda wenyewe. Kwa kipenyo hiki k6 humaanisha kwamba ncha itakubaliwa ikiwa kati ya milimita 25.002 na 25.015, ukanda wa 0.013 tu, ambao unene wa unywele wa kichwani huupita mara kadhaa. Tundu la beringi ya daraja la kawaida kwa upande wake huwa kati ya 24.990 na 25.000. Shafti basi huwa nene kuliko tundu kila mara, japo kwa kiasi kidogo, na beringi huingia kwa kusukumwa. Hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu pete ya ndani ikilegea itaanza kutambaa juu ya shafti inapozunguka na kuila taratibu, na ikibanwa kupita kiasi nafasi ya gololi ndani ya beringi itakwisha, beringi ipate joto na kufa mapema. Herufi moja na namba moja zimebeba maelezo ambayo yangehitaji aya nzima.

Ukanda mwembamba namna hiyo huleta swali la joto, kwani chuma hutanuka, na kipimo bila joto lake hakijakamilika. Tangu mwaka 1931 imekubaliwa kimataifa kwamba vipimo vyote vya viwandani humaanisha urefu wa kitu kikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, hata kama mchoro hautamki hivyo. Huko Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya joto, karakana isiyo na kiyoyozi hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na shafti ya chuma yenye urefu wa mita moja ikiwa na nyuzi 32 huwa imerefuka kwa takriban milimita 0.14. Kwa kipenyo cha 25 mabadiliko ni madogo, na maikromita ya chuma iliyo na joto lilelile hutanuka pamoja na shafti, hivyo makosa hufutana kwa sehemu kubwa. Hatari hasa imo katika haraka. Shafti iliyotoka kwenye kerezo muda huohuo, ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita, huonekana nene kwa karibu milimita 0.009 kuliko ilivyo, yaani theluthi mbili ya ruhusa yote ya k6. Fundi anayeisubiri ipoe anafanya kazi ya kitaalamu, ijapokuwa mteja aliyesimama mlangoni huenda akaona ni uvivu.

Mfuo wa kabari, yaani ile njia nyembamba inayochongwa juu ya shafti ili kipande cha chuma kiingie na kuifunga puli isizunguke peke yake, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa shafti ya kipenyo cha 25 kanuni hutaka mfuo wenye upana wa 8 na kina cha 4. Hata hivyo mchoro mzuri hauandiki 4 bali 21, umbali kutoka kitako cha mfuo mpaka upande wa pili wa shafti, kwa sababu mfuo ukishachongwa uso wa juu ambao kina kingepimwa kutoka kwake huwa umeondoka pamoja na vumbi la chuma, ilhali upande wa pili ungalipo na unaweza kushikwa na chombo cha kupimia. Mchoraji anayeandika 21 ameshajiuliza fundi atapimaje, na kwa kawaida huyo ndiye aliyewahi kusimama mbele ya mashine yeye mwenyewe.

Yote haya yanatoa mwanga juu ya desturi iliyoenea katika karakana nyingi za ukanda huu, kuanzia mafundi wa jua kali mpaka karakana zenye kerezo kadhaa, ambapo mteja huja na kipuri kilichochakaa badala ya mchoro na kuomba kingine cha namna ileile. Ustadi wa mafundi hao katika kunakili ni mkubwa na haupaswi kudharauliwa. Lakini kipuri kilichochakaa kimebeba historia yake pamoja na umbo lake: ncha iliyokuwa 25.010 huenda sasa ni 24.93, na anayeinakili kwa uaminifu ananakili pia uchakavu, hivyo beringi mpya itacheza juu ya shafti mpya tangu siku ya kwanza. Hata kikiwa kipya kabisa, kipuri hakisemi ni kipimo gani kati ya vyake kilihitaji uangalifu na kipi kingeweza kukosewa kwa nusu milimita bila madhara, wala hakitaji aina ya chuma au kama kiliimarishwa kwa moto. Karakana ambayo kila inapotengeneza kipuri hukichora, hata kwa penseli kwenye karatasi ya A4, ikatafuta kipimo cha asili kwa kuangalia namba ya beringi iliyokaa hapo na kuandika ruhusa yake, hujijengea hazina ambayo haiondoki fundi mkuu anapostaafu.

Hesi za bolti hazichorwi zilivyo, kwani kazi hiyo ingekula muda bila faida. Mstari mzito huonyesha kipenyo cha nje, mwembamba huonyesha kina cha hesi, na zikitazamwa kutoka mwisho mstari huo mwembamba huwa duara lisilofungwa, robo tatu tu. Yote mengine huachiwa maandishi, kwa hiyo maandishi hayo hayana budi kuwa kamili. M20 pekee humaanisha hesi ya kimetriki yenye hatua ya milimita 2.5 kati ya jino na jino, na yenye hatua ya 1.5 lazima itajwe. Kwenye mashine za zamani za Kiingereza hukutwa hesi za Whitworth, zilizopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841 zikiwa na pembe ya nyuzi 55, ambapo bolti ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, huku ya Kimarekani yenye unene huohuo ikiwa na 13 na pembe ya nyuzi 60. Nati ya moja huanza kuingia kwenye nyingine, kisha hukwama, na anayeilazimisha huharibu zote mbili.

Mchoro ukishaeleza ukubwa, hubaki suala la mahali na unyoofu, na hapa mchango hutajwa kuwa wa Stanley Parker, aliyefanya kazi katika kiwanda cha serikali cha torpedo huko Alexandria, Uskoti, na ambaye mwaka 1938 alionyesha kasoro ya namna ya zamani ya kuonyesha mahali pa tundu. Tundu likipewa ruhusa ya kusogea kiasi fulani kushoto na kulia, juu na chini, eneo linaloruhusiwa huwa mraba, na kitovu kilichoangukia kwenye pembe ya mraba hukubaliwa ingawa kiko mbali zaidi kuliko kingine kilichokataliwa kwa kupita kidogo upande. Ikiwa umbali wa kwenye pembe unafaa kwa bolti, basi umbali huohuo unafaa kila upande, na eneo la haki ni duara linalouzunguka mraba huo, ambalo ni kubwa kwa asilimia 57. Vifaa vingi vilivyokuwa vikitupwa vilikuwa vizima.

Katika pembe ya chini kulia ya karatasi, mahali panapobaki wazi mchoro ukikunjwa kwa saizi ya A4, hukaa jedwali la utambulisho, nalo wanafunzi hulijaza mwishoni kwa haraka kana kwamba ni pambo. Humo huandikwa namba ya mchoro, jina la kifaa, aina ya chuma, skeli, alama ya pembe, ruhusa ya jumla ya vipimo visivyoandikiwa ruhusa yake, tarehe, na majina ya aliyechora, aliyekagua na aliyeidhinisha. Juu yake au kando huwekwa orodha ya marekebisho, ambapo kila badiliko hupewa herufi, na herufi hiyo huandikwa pia mahali palipobadilishwa. Nakala ya zamani hupaswa kuondolewa karakanani siku ileile mpya inapofika. Sehemu hii haina jiometri yoyote, lakini ndiyo inayoeleza nani anawajibika kwa nini, na tukio moja la Marekani linaonyesha gharama ya kuiacha ikaleta maana mbili.

Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, jimbo la Missouri, njia mbili za waenda kwa miguu zilizoning'inia juu ya ukumbi, moja chini ya nyingine, zilianguka wakati wa hafla ya muziki. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Michoro ya awali ya wahandisi ilionyesha kila fimbo ya chuma ikitoka darini, ikipenya boriti ya njia ya juu na kuendelea bila kukatika mpaka boriti ya njia ya chini, kila boriti ikikalia nati yake. Mtengenezaji wa vyuma aliona ugumu, kwani kwa mpango huo ingebidi fimbo ndefu ichongwe hesi kwa sehemu kubwa ya urefu wake ili nati ya katikati iweze kupandishwa. Akapendekeza fimbo mbili, moja kutoka darini hadi njia ya juu na nyingine kutoka boriti ya njia ya juu hadi ya chini. Katika mpango wa kwanza nati iliyo chini ya boriti ya juu ilibeba uzito wa njia moja. Katika mpango wa pili njia ya chini ilining'inia kwenye boriti ya juu, na nati ileile ikabeba uzito wa njia zote mbili. Badiliko hilo lilichorwa kwenye michoro ya karakana, ambayo ni michoro ya kina inayoandaliwa na mtengenezaji kutokana na ile ya mhandisi, ikarudishwa ofisini kwa wahandisi, ikapigwa muhuri wa kukubaliwa bila mtu kukikokotoa upya kile kiungo kimoja.

Uchunguzi wa taasisi ya serikali ya viwango uligundua jambo lililoongeza uchungu: hata kiungo cha awali, kama kingejengwa kilivyochorwa, kingebeba takriban asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Kiungo hicho hakikuwahi kukokotolewa na yeyote, na sababu yake imo katika karatasi zenyewe. Wahandisi walishikilia kwamba walichochora kilikuwa wazo la jumla, na kwamba kwa desturi ya kazi hiyo mtengenezaji ndiye hukamilisha usanifu wa viungo. Mtengenezaji alichukua kuwa kiungo kilichoonyeshwa kwenye mchoro wa mhandisi ni kiungo kilichokwisha kusanifiwa. Hapakuwa na maandishi yaliyosema ni ipi kati ya hizo mbili. Wahandisi wawili waliohusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ikauacha uamuzi huo usimame, kwa hoja kwamba mhandisi aliyeweka muhuri wake kwenye michoro hawezi kumwachia mwingine wajibu wa kilichomo ndani yake.